Shurie Asimama kwa Mguu Mmoja

Ngamia hakamwi kwa kuchuchumaa kama mbuzi. Kiwele chake kiko juu, ukichuchumaa utabaki kukitazama tu. Mkamaji husimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili anaukunja, wayo anauegemeza juu kidogo ya goti la mguu uliosimama, na sufuria inakaa juu ya paja lililokunjwa kama iko mezani. Mikono yote miwili inabaki huru kufanya kazi. Shurie wa Bour-algi, nje kidogo ya mji wa Garissa, alisimama hivyo asubuhi na jioni tangu alipoota ndevu. Mguu wa kushoto wa kusimamia, wa kulia wa kubebea sufuria. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hilo ni jambo gumu.

Nyonga yake ya kulia ilianza kuuma mwaka wa ukame, na kwa kuwa mwaka ule kila kitu kiliuma, hakuna aliyeitilia maanani. Ukame ukaisha, nyonga haikuisha. Shurie akawa anachechemea, na watu wa kwao hawana tabia ya kuficha mambo: mtu akichechemea ataitwa Mchechemeaji mpaka azikwe. Hata watoto walimsalimia hivyo, kwa heshima zote.

Halafu siku moja, kwenye birika la kunyweshea, nyonga ikaacha kazi bila kutoa taarifa. Shurie akaangukia mkono wa kushoto na kifundo kikavunjika. Akapelekwa Kotile kwa mzee anayeunga mifupa kwa vijiti na kitambaa. Mzee yule alikuwa na sifa nzuri, hasa kwa mbuzi. Kifundo kilipona, lakini kilipona kikiwa kimepinda, kiganja kikawa kinatazama pembeni kama cha mtu anayetaka kuomba kitu na anaona haya.

Ndipo mkewe, Sahro, aliposema basi. Sahro anauza maziwa ya ngamia Garissa mjini, na mwanamke anayekaa sokoni kutwa nzima hukutana na kila aina ya mgonjwa na kila aina ya aliyepona. Akampeleka Shurie hospitali.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu wa kutoka bara, mpole, mwenye Kiswahili cha polepole. Alizitundika picha mbele ya taa.

"Mzee, kichwa cha mfupa wa paja lako kimekufa. Damu haifiki."

Shurie akaitazama picha. "Kimekufa lini?"

"Zamani. Miaka miwili, mitatu."

"Na mimi nikitembea nacho?"

"Ndiyo."

Shurie akatikisa kichwa. Alikuwa ameshabeba vitu vingi maishani, lakini kwamba amebeba na maiti hakujua. Daktari akaeleza kwamba kichwa kile kitatolewa, kitawekwa cha chuma. Baadaye kifundo cha mkono nacho kitavunjwa upya, kinyooshwe, kifungwe kibati na skrubu.

"Mkono huu ulishaungwa," Shurie akasema.

"Uliungwa vibaya."

"Kwa hiyo utauvunja wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

Hapo ndipo Shurie alipoanza kumheshimu. Mzee wa Kotile alikuwa anaunga tu. Huyu anavunja na kuunga.

"Hiyo nyonga ya chuma ina waranti?"

Daktari akacheka kidogo. "Miaka kumi na tano, ishirini, ukiitunza."

"Na mimi mwenyewe?"

"Wewe hapana. Ni nyonga tu."

Madume wawili wa ngamia waliuzwa, wakaingia katika nyonga ile. Shemeji yake Shurie, Billow, ndugu wa Sahro, ndiye aliyewaswaga mpaka mnadani, na tangu siku hiyo kila alipomwona Shurie anatembea alikuwa akitazama nyonga na kusema, "Madume wangu hawajambo?"

Billow ndiye aliyebaki na kundi. Alikuwa mchungaji hodari, na ngamia wote walimkubali isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni jike mwenye wekundu ulioiva, na kwa wekundu huo akaitwa Dhiin. Dhiin alikuwa akitoa maziwa kushinda majike wawili wakiwekwa pamoja, lakini alimtolea Shurie peke yake. Mara ya kwanza Billow kumsogelea na sufuria, alimpiga teke ambalo waliokuwa mbali walidhani Billow ameruka mwenyewe.

Wala haikuwezekana Sahro akajaribu. Katika ukoo wao mwanamke hamkami ngamia. Anayapokea maziwa, anayachuja, anayauza, anajua ya kila jike kwa kuonja tu, kukama hapana. Mabinti zao watatu walikuwa hivyo hivyo.

Na Dhiin hakuwa ngamia tu. Shurie alipozaliwa, baba yake alifanya kama wafugaji wa kwao wanavyofanya mtoto wa kiume akizaliwa: alichagua jike mchanga na kusema huyu ni wa kitovu chake. Jike yule alizaa, na waliozaliwa wakazaa. Ukame wa kwanza ukachukua baadhi, wa pili ukachukua baadhi, ule wa mwisho ukachukua karibu wote. Aliyebaki wa kitovu cha Shurie ni Dhiin peke yake. Na Dhiin alikuwa na mimba.

"Seddi," Billow alisema usiku wa kuamkia upasuaji, akimwita kama mashemeji wa Kisomali wanavyoitana. "Tuseme ukweli. Atazaa mvua za vuli. Wewe usipoweza kumkama, nani atamkama? Mimi nina mbavu mbili tu zilizobaki nzima."

"Nitamkama."

"Kwa mguu wa dukani?"

"Nitamkama, Billow."

"Haya. Akizaa, mimi namleta broka aje amwone. Ukijaza sufuria mbele yetu, broka anywe chai aende zake. Usipojaza, Dhiin na mtoto wake wanakwenda mnadani, na hutaninunia."

Shurie alifikiri. Maneno yale hayakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomkera. Nyumba inakula kwa maziwa. Akampa mkono, ule mzima.

Upasuaji ulikwenda vizuri, wa nyonga kwanza, wa mkono baadaye. Akakabidhiwa kwa Sharifo, binti wa mazoezi ya viungo, mzaliwa wa Garissa mjini, ambaye ngamia alimjua kwa kumpisha barabarani. Sharifo alimpa masharti. Adeer, yaani ami, usikae chini. Usichuchumae. Usiiname kuokota kitu. Usipishanishe miguu ukikaa, wala ukilala. Nyonga mpya ikikunjwa sana itachomoka.

Shurie alikuwa mtu wa kushika masharti. Alinunuliwa kiti cha plastiki cha kijani, na kiti kile kikawa kama kivuli chake. Watu wakila wamezunguka sinia mkekani, yeye alikula juu akishushiwa na kupandishiwa. Msikitini alikaa safu ya nyuma kando ya nguzo, akiswali kwa kuinamisha kichwa, na wageni walidhani ndiye mwenyekiti wa kamati. Kwa mambo ya chooni fundi alitoboa tundu kwenye kiti cha pili, na Sahro akatoa amri kwamba viti hivyo viwili visiwahi kukutana.

Miezi ikaenda. Maumivu ya zamani yalikuwa yametoweka kabisa. Alikuwa akiamka na kuyatafuta. Mkono nao ulinyooka, kiganja kikarudi kutazama mbele. Kifundo tu hakikukunjika vizuri kwenda nyuma. Tumbo la Dhiin likazidi kushuka.

Basi alasiri moja Shurie akachukua sufuria ya Sahro, akaitia maji, akaiweka juu ya pipa nyuma ya nyumba, akaanza kujipima. Aliyapitia masharti yote kichwani. Hakukaa chini. Hakuchuchumaa. Hakulala. Alikuwa amesimama, na kuhusu kusimama hakuna aliyemkataza kitu. Akasimama kwa mguu wa kushoto kama siku zote, akapandisha wa kulia juu ya goti, akaichukua sufuria, akaiweka pajani. Ilikaa sawasawa. Alifurahi. Akainama kidogo mbele, kama anavyofanya mtu anayetafuta chuchu ya ngamia.

Nyonga ikasema *kop*.

Hakupiga kelele. Aliushika ukuta kwa mkono mmoja na sufuria kwa mwingine.

"Sahro," akaita. "Njoo uchukue sufuria."

Sahro akaja, akachukua sufuria, akageuka kuondoka.

"Na mimi pia," Shurie akasema.

Probox, gari linalobeba maziwa ya Sahro kwenda sokoni, ndiyo iliyompeleka hospitali, amelazwa kati ya madumu matupu. Walimpa dawa ya usingizi, wakairudisha nyonga mahali pake. Alipozinduka, daktari alikuwa amesimama miguuni pake, si mpole kama siku zote.

"Mzee, uliambiwa usipishanishe miguu."

"Niliambiwa nikikaa. Na nikilala."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilisimama."

Daktari akamtazama Sharifo. Sharifo akatazama dirishani.

"Sasa nani anapishanisha miguu akiwa amesimama?" daktari akauliza.

"Mimi," Shurie akasema. "Na Billow. Na watu wote ninaowajua."

Walimlaza siku kadhaa. Siku ya kuruhusiwa Sharifo alikuja na maswali ambayo kila mwenye nyonga mpya huulizwa, ili ijulikane upasuaji umezaa nini. Kila jibu lina alama zake.

"Adeer, unaweza kuvaa soksi bila msaada?"

"Sina soksi."

"Niandike huwezi?"

"Andika sina."

"Kupanda ngazi?"

"Ngazi ya wapi?"

"Ya nyumba. Ghorofa."

"Mwanangu, nyumba yangu ukipanda juu utakuwa umepita paa."

Sharifo akauma mdomo. Akatoa kifaa cha kubana, cha kupima nguvu za mkono, akampa ashike kwa ule wa kushoto. "Bana."

Shurie akabana. Alianza na kidole gumba na cha shahada, vingine vikafuata kimoja baada ya kingine mpaka cha mwisho, taratibu, akaachia, akarudia. Mshale haukusogea.

"Nguvu, adeer! Bana kwa nguvu zako zote."

"Ukibana hivyo utapigwa teke."

Hapo Sharifo aliweka kalamu chini. "Adeer, niambie. Tuache soksi. Wewe unataka kufanya nini na huu mguu?"

Shurie akamwambia. Alimweleza kuhusu Dhiin, kitovu, Billow na broka. Alimweleza mguu unavyokunjwa na sufuria inavyokaa. Hakuthubutu kuonyesha, kwa hiyo Sharifo akasimama mwenyewe katikati ya wodi na suruali yake ya hospitali, akapandisha mguu gotini, akaweka beseni dogo la sindano pajani. Akayumba. Akaruka ruka. Akaangukia kitanda cha mgonjwa wa tatu, aliyekuwa na mguu ulioning'inizwa kwa kamba na ambaye hakuwa na pa kukimbilia.

"Naa, binti!" mgonjwa akasema. "Mimi nina uliovunjika mmoja tu, uuache wa pili!"

Sharifo akainuka, akarekebisha hijabu. "Watu wanafanya hivi kila siku?"

"Mara mbili," Shurie akasema.

Binti akatembea mpaka dirishani na kurudi. "Na ukigeuza? Usimame juu ya mguu wa chuma, ukunje ule wako wa asili? Nyonga mpya inapenda kubeba. Isichopenda ni kukunjwa."

Shurie akautazama mguu wake wa kushoto. Katika maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba kukama kuna upande wa pili. Ilikuwa kama kuambiwa alale na miguu kwenye mto.

"Dhiin hatakubali," akasema.

"Dhiin nitamfanyia mazoezi vipi mimi? Nakufanyia wewe."

Akawa anapelekwa kliniki na probox ya maziwa, anarudishwa na madumu. Getini askari wa hospitali alimpitishia kile kifimbo chao cha kutafutia chuma, na kila safari kikalia nyongani.

"Mzee, toa simu."

"Simu iko mkononi, iangalie."

"Na hapo ni nini?"

"Madume wawili," Shurie alijibu, na askari, aliyekuwa mtu mwenye mashaka, alimzungusha upya.

Ndani, Sharifo alimsimamisha kando ya nguzo. Kwanza ashike nguzo kwa mikono miwili, halafu kwa mmoja, halafu kwa kidole. Mguu wa kulia ulikuwa mgeni na kazi ya kubeba. Paja lilitetemeka na jasho likamtoka kama mtu anayechimba kisima. Nyumbani aliendelea kwenye mti wa zizi, na twiga wanaopita nyuma ya boma walisimama kumtazama, kisha wakaendelea na safari yao. Billow naye alipita akatazama, hakusema kitu. Kwa Billow, hiyo ni dalili ya wasiwasi.

Mvua za vuli zikanyesha. Dhiin akazaa jike, mwekundu kama yeye, miguu tele. Maziwa ya mwanzo wakamwachia mtoto. Siku zilipofika, Billow akatimiza neno, akaja na broka kutoka mnadani, Isak, mtu mwenye fimbo iliyonyooka na macho yanayouza.

"Huyu?" Isak akasema, akimzunguka Dhiin kwa mbali. "Mashallah. Huyu hata leo jioni ana mwenyewe."

"Ana mwenyewe hata sasa hivi," Sahro akasema kutoka mlangoni. "Subiri chai."

Shurie akatoka. Kiti cha kijani alikiacha ndani. Alitembea bila kuchechemea, jambo ambalo watu walikuwa wamelizoea wote isipokuwa Dhiin. Hakuwa amemwona karibu tangu upasuaji. Alimnusa begani, akamnusa kichwani, kisha akashusha shingo yake ndefu akanusa nyonga, akakaa hapo, pua imetulia, kama askari wa getini.

Billow akamwachia mtoto anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha akamvuta pembeni. Shurie akaenda upande wake ule ule wa siku zote. Akasimama juu ya mguu wa kulia. Akapandisha wa kushoto.

Dhiin akageuza kichwa, akautazama ule mguu. Halafu akapiga hatua mbili mbele na kumwacha Shurie amesimama peke yake na sufuria pajani, anakama hewa.

Isak akakohoa. Billow hakucheka, na Shurie angependa acheke.

Akashusha mguu. Akamfuata. Hakumgombeza, alianza kumwimbia ule wimbo wa kukamia ambao hauna maneno mengi, sauti tu inayopanda na kushuka, ambayo mama yake Dhiin aliisikia na bibi yake pia. Akasimama tena juu ya madume wawili wa Billow, akapandisha mguu, akaweka sufuria. Chuma kikabeba. Hakikuuma wala kuyumba; kilikaa tu, kama nguzo ya Sharifo. Shurie akanyoosha mkono.

Dhiin akapandisha mguu wa nyuma. Wote wakauona. Mguu ukakaa juu kidogo, ukifikiri. Ukashuka.

Maziwa yakaanza kulia katika sufuria.

Mkono wa kushoto ulikataa kugeuka kufika pale ulipotakiwa. Shurie akauacha ushike ukingo wa sufuria, akakama kwa wa kulia peke yake, gumba na shahada na vingine vikifuata. Kazi iliyokuwa ya muda mfupi ikawa ndefu. Chai ya Isak ikapoa. Povu likapanda mpaka likavuka mdomo wa sufuria, likakaa juu kama kofia.

Sasa sufuria ilikuwa imejaa, na hapo Shurie akagundua kitu ambacho Sharifo hakumfundisha, kwa sababu beseni lake lilikuwa tupu. Zamani aliinua sufuria kwa mikono miwili na kushuka. Mkono mmoja haukutosha kuinua uzito ule, na mguu haungeshuka bila kumwaga. Akabaki pale, mguu juu, kama korongo.

"Sahro," akaita. "Njoo uchukue sufuria."

Sahro alikuja haraka kuliko alivyowahi kuja popote. Akatazama nyonga kwanza, kisha uso wa mumewe.

"Sufuria tu?" akauliza.

"Sufuria tu."

Akaichukua. Shurie akashusha mguu mpaka ukagusa ardhi. Isak akameza chai yake baridi kwa mkupuo mmoja, akasimama, akamuuliza Billow kama ana mwingine wa kuuza, asiye na mambo mengi. Billow akasema ataangalia. Akamwachia mtoto wa Dhiin arudi kwa mama yake, akaja akasimama kando ya shemeji yake.

"Huo wa kushoto unatetemeka," akasema.

"Najua."

"Hawakuutengeneza?"

"Huo ni wa kuzaliwa nao," Shurie akasema. "Hauna waranti."

Billow akafikiri, akautazama mguu wake mwenyewe, halafu akaenda kufungua zizi.

"Kesho uje na wewe usimame hapa," Shurie akamwambia kwa nyuma. "Akuone ukiwa nami. Huenda akazoea."

"Mbavu zangu?"

"Kuna daktari," Shurie akasema.

Sahro alikuwa ameshaanza kuyachuja maziwa kwenye dumu lililofukizwa moshi, na probox ilikuwa inapiga honi barabarani. Akawaambia wote wawili wampishe, wamesimama njiani.